Mama mmoja, vikundi vitatu: namna ya kupanga wanachama kwenye ordinatere

Huku mashariki mwa Kongo, mama wa soko mara nyingi hayuko katika kikundi kimoja tu. Eko na AVEC, eko na likelemba, tena eko katika kwaya ya kanisa. Kikundi nacho kina watu wengi: AVEC kwa kawaida ni watu 15 mpaka 25. Wengi kwa wengi, ndipo fujo inaanzia wakati majina yanatoka kwenye kaye na kuingia kwenye ordinatere.

Makosa yanayoonekana sana ni matatu:

- Kuweka safu "kikundi 1", "kikundi 2", "kikundi 3". Mtu akiingia cha nne, nafasi hakuna.
- Kujaza vikundi vyote katika kisanduku kimoja. Leo wanaandika "likelemba ya soko", kesho "likelemba soko". Mashine inahesabu vikundi viwili.
- Kumwandika mtu upya kwa kila kikundi. Akibadili namba ya telefone, inasahihishwa hapa, kule inabaki ya zamani.

Dawa ni majedwali matatu. La watu: kila mtu mara moja tu, na namba yake, juu majina yanafanana. La vikundi: vilevile. La tatu ni la uanachama, na kila mstari unasema jambo moja: mtu 12 yuko katika kikundi 3. Vikundi vitatu, mistari mitatu. Msingi wa kupanga habari hivi ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM.

Cheo na tarehe ya kuingia vinakaa katika jedwali hilo la tatu. Mama anaweza kuwa mweka hazina hapa, na pale memba tu. Hisa zina jedwali lake, mstari mmoja kwa kila ununuzi, kwa sababu katika AVEC mtu ananunua hisa 1 mpaka 5 kila mkutano.

Mashine iamriwe kukataa namba ya mtu ao kikundi kisichokuwepo, na kukataa uanachama uleule usiandikwe mara mbili. Bila hiyo, siku ya kugawana makuta mtu mmoja anaweza kuhesabiwa kama wawili.

Mtu akitoka, mstari wake usifutwe. Iandikwe tarehe ya kutoka. Pengine angali na deni. Akirudi, anapata mstari mpya wenye tarehe mpya, na historia yake yote inabaki wazi mbele ya kikundi.