Jina la Mwata na Kadi ya Gari

Mwaka 1990 mahakama ya Uingereza ilitakiwa kuamua kama Bentley iliyouzwa kwa jina la Old Number One ndiyo kweli iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Injini, bodi na fremu vilikuwa vimebadilishwa. Vipuri vya enzi ya ushindi vilihesabika kwa vidole. Jaji Otton aliona kwamba gari hilo haliwezi kuitwa la asili, lakini jina ni lake kihalali, kwa kuwa historia yake haikukatika na hakuna gari jingine liwezalo kulidai. Hukumu hiyo ilizua ubishi, ila kule Luapula, Zambia, kuanzia Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru hadi Mwansabombwe, watu walikuwa wakiishi kwa kanuni hiyohiyo muda mrefu kabla ya magari.

Huko Luapula mtu akifa, ndugu huchagua mrithi wa jina lake, na pamoja na jina mrithi hupokea haki, madeni na undugu wa marehemu. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeandika juu ya watu wa Luapula mwaka 1959, alieleza jinsi mwenye jina anavyosema "mimi" anaposimulia matendo ya babu aliyekufa vizazi vingi nyuma. Kwa njia hiyo haki za zamani za Washila, na za Wabwilile waliowatangulia, zilikumbukwa hata baada ya Walunda wa mtawala wao, Mwata Kazembe, kuteka nchi. Utawala wenyewe haukushikamana na udongo mmoja: Livingstone, aliyefika mwaka 1867, aliandika kwamba kila Kazembe mpya huhamisha mji na kujenga upya. Waingereza walipouteketeza mji mwaka 1899, Kazembe wa kumi alikimbia, kisha akarudi. Wenyeji wakaendelea kuwahesabu akina Kazembe palepale walipokuwa wameishia.

Atauliza mtu: jina likitosha, nini kitamzuia mwizi kubandika namba ya gari lililokufa kwenye gari la wizi? Swali hili ni zito, na jibu lake limo ndani ya desturi yenyewe. Jina la Luapula mtu hajichukulii mwenyewe. Hutolewa mbele ya ndugu na wazee wanaomjua marehemu na mrithi wake, kwa hiyo kila badiliko lina mashahidi. Mwizi wa gari hukosa hilo hasa, kwani yeye huishi kwa kuwakimbia mashahidi.

Pingamizi la mwanahistoria linanigusa zaidi. Mwata Kazembe wa kumi na nne alipoandaa historia ya wazee wake, iliyotafsiriwa na Cunnison mwaka 1961, alikuwa mrithi anayetetea urithi wake, na Washila wangesimulia ushindi wa Walunda vingine. Nakubali kabisa. Mfululizo wa jina huthibitisha nani mwenye haki. Hauthibitishi kwamba kila kinachosimuliwa kilitokea. Ndiyo maana wanaoidharau sherehe ya ngoma ya Kazembe iitwayo Mutomboko kwa kuwa imekuwa ya kila mwaka tangu miaka ya 1970 tu wanachanganya mambo mawili, sawa na wanaoitukuza kana kwamba haijaguswa. Ngoma ni ya Kazembe, na mpangilio wake wa leo ni wa enzi ya Kazembe wa kumi na saba. Kadi ya gari lililofufuliwa nayo ingefaa kuandikwa hivyo: jina lake, kisha kila kilichobadilishwa, mwaka wake na fundi wake.