Kipimo na Sikio: Bweranyange katika Historia ya Elimu ya Ukuaji wa Mtu

Bweranyange, katika wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, ilikuwa zamani makao ya wafalme wa ukoo wa Wahinda. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliwasili kwa mfalme Rumanika wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri, kwani lugha hiyo ilikwisha kufika huko pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Mkutano ule husomwa kwa kawaida kama sehemu ya historia ya safari. Hata hivyo, unastahili nafasi pia katika historia ya saikolojia, maana ndani yake limo swali la nadharia zote za ukuaji: mtu hupimwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho ni cha nani?

Katika nyumba ya mfalme wanawake walinenepeshwa kwa maziwa, na unene wao ulikuwa heshima. Speke aliomba kumpima shemeji wa mfalme, akaandika hesabu zake: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, urefu futi 5 na inchi 8. Karibu nao alikuwapo binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16, akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo ya kumhimiza. Hesabu zimo kitabuni. Maneno ya binti kuhusu maziwa yale hayamo. Tena, katika kitabu hichohicho, kilichotoka mwaka 1863, Speke alidai kwamba watawala wa nchi zile walitoka upande wa Uhabeshi na kwamba asili yao ilikuwa bora kuliko ya raia wao. Hivyo kipimo cha mwili kilifuatana na ngazi ya mataifa.

Rumanika naye alikuwa na kipimo chake. Alimweleza Speke kwamba baba yao, Ndagara, alipofariki, wana wa mfalme walishindania kiti, na kila mmoja akawekewa ngoma ndogo aiinue. Ngoma ilikuwa nyepesi, lakini kwa sababu ya dawa zilizotiwa ndani yake iliwaelemea wasiostahili. Rumanika peke yake aliiinua, tena kwa kidole kidogo. Bila shaka kisa hiki ni hoja ya mshindi, na msomaji hana budi kukipokea kwa hadhari. Lakini kinafunza jambo moja: huko Karagwe ukubwa wa mtu haukuhesabiwa kwa miaka tu, bali kwa mzigo aliokubaliwa na wenzake kuubeba.

Elimu ya ukuaji ilipojengwa Ulaya na Marekani ilifuata njia ya ngazi. G. Stanley Hall, katika kitabu chake juu ya ujana cha mwaka 1904, alifundisha kwamba mtoto hupita upya hatua zilizopitwa na wanadamu wote, akayaweka mataifa mengine katika daraja la vijana wasiopevuka. Fikira hiyo imekwisha kukataliwa na wataalamu. Jean Piaget alieleza hatua 4 za akili, na Erik Erikson, mwaka 1950, hatua 8 za maisha, kila moja na shindano lake. Nadharia hizi zimesaidia sana walimu na waganga. Ila ngazi yoyote ina hatari hii, kwamba asiyeonekana juu yake hudhaniwa amebaki chini.

Njia nyingine ilianzia karibu na Karagwe. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alikwenda Uganda, na katika vijiji vya karibu na Kampala akazitembelea mara kwa mara familia 26 zenye watoto wachanga 28, akitazama na kuwauliza akina mama kwa msaada wa mkalimani. Aliona kwamba watoto wenye utulivu walikuwa hasa wa wale mama walioweza kueleza kwa kinaganaga mambo ya watoto wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore, aliunda jaribio la muda wa dakika 20 hivi, ambamo mtoto huachwa kidogo na mama yake katika chumba kigeni. Jaribio hilo likaenea duniani, hata kwa watoto wanaolelewa na mikono mingi, ambao kuachwa na mama kwao si jambo lilelile. Elimu iliyozaliwa kwa kusikiliza ikageuka tena kuwa kipimo.

Suala hili si la vitabuni tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutangazwa Tanzania walitoka Kagera, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilileta yatima wengi, wengine wakawa wakuu wa nyumba wangali watoto. Mshauri nasaha anapoketi na kijana wa miaka 14 anayewalea wadogo zake, akitumia ngazi peke yake ataona daraja lililorukwa. Bame Nsamenang wa Kamerun, katika kitabu chake cha mwaka 1992, angemkumbusha kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika mtoto hukua kwa kupewa kazi na wajibu. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza, ambao jina lake maana yake ni kufariji, uliwasaidia yatima kuunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakawa wafariji wa wenzao.

Lakini wajibu nao usisifiwe kupita kiasi. Yule binti wa miaka 16 alikuwa akitimiza wajibu wake, na fimbo ilikuwapo. Carl Rogers, aliyeandika juu ya ushauri nasaha mwaka 1942, alishikilia kwamba mwenye shida ndiye ajuaye inapomuuma. Basi mshauri na asome nadharia zote, azijue ngazi na mizigo. Kisha, kabla ya kupima, amuulize mtoto mwenyewe swali ambalo halikuulizwa Bweranyange.