Ngitili: Misitu Iliyorudi Shinyanga

Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kazi ilianza na vitalu vya miche. Ilikuwa kana kwamba miti ilitoweka yenyewe. Ukweli ni kwamba ilifyekwa kwa amri. Tangu miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza, ukiongozwa na wataalamu kama Charles Swynnerton, ulisafisha vichaka vya Shinyanga ili kumwangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, nayo ikadai mashamba mapya.

Pigo lililozungumzwa kidogo ni lile la Operesheni Vijiji. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, malisho yanapokwisha kwingineko. Kaya zilipohamishwa katikati ya miaka ya 1970, nyingi ziliacha ngitili zao nyuma. Nani atalinda malisho ya kiangazi kijacho ilhali hajui atakilia wapi kiangazi hicho?

Mambo yalibadilika mradi ulipoacha kutegemea miche pekee na kuzirudia ngitili, za kaya na za vijiji. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini, vilipopumzishwa, vikachipua. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walinzi hawakuwa askari wa misitu. Dagashida, baraza la jadi, ilipanga adhabu, na sungusungu wakazitekeleza.

Sheria ilifika baadaye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ndizo zilizoupa msitu wa kijiji na wa mtu binafsi nafasi kando ya msitu wa taifa.

Hata hivyo, ngitili ya kaya humfaa zaidi mwenye ardhi na ng'ombe wengi. Huyo huweza hata kuuza malisho yake kiangazi. Mwanamke asiye na shamba, aliyezoea kuokota kuni mahali hapohapo palipokuwa wazi, sasa hana budi kuomba ruhusa au kwenda mbali zaidi. Katika ripoti za uhifadhi, hekta huhesabiwa. Safari yake haihesabiwi.