Mbonyeo wa Shokapu: Kipimo Kinachotafuta Jina

Kata ya Maparoni, wilayani Kibiti, imekaa katikati ya mikoko na mikono ya Mto Rufiji, na kutoka bara hufikiwa kwa boti. Nahodha wa maji hayo hapakii shehena kwa kuhesabu magunia tu. Hutazama ubavu wa chombo: kimekaa kiasi gani, kimelalia omo au tezi, kimebakiwa na ubao kiasi gani juu ya maji. Kikiwa kitupu mno hutiwa farumi kisiyumbe. Kikijazwa kupita kiasi, wimbi dogo tu linaingia ndani.

Pikipiki nayo hukaa hivyo juu ya magurudumu yake, na ukaaji huo hupimwa kwa milimita. Ni miongoni mwa vipimo vya kwanza ambavyo fundi wa mbio za jangwani huchukua anapoandaa pikipiki. Waingereza hukiita sag. Kiswahili bado hakijakipa jina lililotulia, na jina linalofaa lipo karibu: mbonyeo.

Maana yake ni hii. Shokapu ina nafasi yake ya kubonyea, kuanzia gurudumu linaponing’inia hewani mpaka shokapu inapogota. Pikipiki ikisimama chini, uzito wake unakula sehemu ya nafasi hiyo hata kabla ya safari kuanza. Sehemu iliyoliwa na pikipiki peke yake ni mbonyeo mtupu. Akipanda mwendeshaji na vifaa vyake vyote, sehemu nzima iliyoliwa ni mbonyeo wa mzigo.

Wengi hudhani shokapu kazi yake ni kupokea tuta. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni shimo: ardhi inaposhuka ghafla, gurudumu linatakiwa lishuke nayo, tairi lisiachane na ardhi. Shokapu isiyobonyea hata kidogo kwa uzito wa mtu haina pa kunyookea, kwa hiyo kila shimo linaliacha tairi likielea, na tairi linaloelea haliendeshi, halifungi breki wala halikati kona. Ndiyo maana kubonyea kwa kiasi ni afya ya pikipiki, si ugonjwa wake.

Jangwani jambo hili limepimwa kwa ukali kuliko popote. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea jangwani na pikipiki yake katika mbio za Abidjan hadi Nice. Alipookolewa akabuni mbio zake mwenyewe, na msafara wa kwanza wa kwenda Dakar ukaondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Mshindi wa pikipiki, Cyril Neveu, aliendesha Yamaha XT 500 ya silinda moja. Mbio hizo sasa hufanyika Saudi Arabia, tangu 2020, na pikipiki zake zina injini isiyozidi cc 450 na nafasi ya shokapu ya karibu milimita 300, mbele na nyuma.

Kwa nafasi hiyo, mafundi hulenga mbonyeo wa mzigo wa karibu theluthi moja, yaani milimita 100 hivi kwa nyuma. Kupima hakuhitaji mtambo. Pikipiki huinuliwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma lining’inie, kisha futi ikapima kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 600. Ikishushwa chini futi inasoma 565: mbonyeo mtupu ni 35. Mwendeshaji akipanda na kofia, buti na mkoba wake wa maji, futi inasoma 500: mbonyeo wa mzigo ni 100. Pikipiki hiyo imekaa sawa.

Hapa ndipo pana somo linalowakwaza wengi. Mtu mzito akiona pikipiki inabonyea mno, hukaza springi mpaka mbonyeo wa mzigo urudi 100, akaridhika. Apime tena pikipiki ikiwa tupu. Akikuta imebonyea milimita 10 tu, au haikubonyea kabisa, springi hiyo ni laini mno kwake, ingawa kwa mkono inaonekana ngumu. Kukaza hakuongezi ugumu wa springi. Kunaibana tu kabla ya kazi. Dawa ni springi nyingine iliyo ngumu zaidi. Kwa mtu mwembamba kinyume chake ndicho kweli: mbonyeo mtupu ukiwa mkubwa kupita kiasi wakati ule wa mzigo uko sawa, springi ni ngumu kuliko anavyohitaji. Bila majina mawili tofauti kwa vipimo hivi viwili, ni vigumu mno kumweleza mtu hoja hii.

Petroli nayo inaingia katika hesabu. Lita 30 zina uzito wa karibu kilo 22, na mwendeshaji wa jangwani huanza nazo zote na kufika mahali pa kujaza tena akiwa na matangi karibu matupu. Mbonyeo uliopimwa matangi yakiwa yamejaa si ule wa matangi matupu. Mchangani tofauti hiyo husikika mikononi: nyuma ikibonyea mno, gurudumu la mbele huwa jepesi na kona hupitwa, nyuma ikikaa juu mno, gurudumu la mbele huchimba mchanga na usukani ukatapatapa.

Sasa kuhusu jina lenyewe. Mafundi wa bodaboda husema shokapu imelala, nao wanasema kweli, lakini wanataja hitilafu: shokapu iliyolala imechoka, inasubiri kubadilishwa. Mlalo hautafaa basi kutaja kipimo chenye afya. Mzamo ni mbaya zaidi, hasa kwa wasomaji wa delta ya Rufiji ambao kuzama kwao ni msiba. Mshuko unamfanya mtu afikirie mteremko. Mbonyeo hauna lawama ndani yake. Umeundwa kama mtetemo na mteremko, na wanafunzi wa fizikia wanaujua katika lenzi mbonyeo, ile iliyoingia katikati. Pingamizi moja lina uzito: bati likibonyea halirudi. Lakini godoro hubonyea na kurudi, na shokapu iko upande huo. Kusema mbonyeo wa shokapu kunatosha kuondoa utata.

Neno hili lina kazi Kibiti leo, si Saudi Arabia tu. Kwa miaka mingi maofisa ugani walipewa pikipiki kama Yamaha DT 125 na Honda XL 125, zenye shokapu ndefu na matairi ya meno makubwa. Bodaboda iliyozirithi barabara zao, ikiwamo ile ya kutoka Bungu kwenda Nyamisati, ina nafasi ya nyuma ya milimita 100 hivi. Theluthi yake ni kama milimita 33. Ikipakiwa abiria wawili wa mshikaki au gunia la mkaa la lumbesa, nafasi yote inaisha pikipiki ikiwa bado kijiweni, na kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye fremu na mgongo wa dereva. Wapo wanaofunga shokapu nne badala ya mbili. Mzigo ukiwapo inasaidia. Dereva akirudi peke yake, mbonyeo unakaribia sifuri na tairi la nyuma linarukaruka.

Shokapu nyingi za bodaboda zina ringi yenye ngazi chini ya springi, inayozungushwa kwa spana maalumu. Dereva anayebeba shehena asubuhi na abiria mmoja mchana anaweza kupanda ngazi mbili akipakia na kuzishuka akishapakua, mradi ngazi za kushoto na kulia zilingane.