Tuzo za Ujenzi na Heshima ya Udongo

Tuzo hudhihirisha mambo mawili: kazi ya mtendaji na macho ya mtoaji. Kwa muda mrefu macho ya dunia yalitukuza kioo na chuma, na udongo ukahesabiwa kuwa alama ya ufukara. Hukumu hiyo imegeuzwa katika nusu karne iliyopita, na tuzo za ujenzi zina sehemu katika mageuzi hayo.

Mwaka 1977 Aga Khan wa Nne aliasisi tuzo yake ya usanifu wa majengo. Zilipotolewa zawadi za kwanza, mwaka 1980, Hassan Fathy wa Misri alitunukiwa kwa kazi ya maisha yake katika matofali ya udongo. Walakini kijiji chake cha Gourna Mpya, kilichoanzishwa katika miaka ya 1940, kilikataliwa na wengi waliokusudiwa kuhamia humo. Majengo yalikuwa mema. Shauri halikuwa lao.

Mwaka 2004 tuzo hiyo iliifikia shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso. Msanifu wake, Francis Kéré, ni mwana wa kijiji hicho, na wanakijiji wenyewe waliijenga. Matofali yake ni udongo uliotiwa saruji kidogo. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari ili upepo upite kati na kuondoa joto. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker.

Je, Nyansurura ina fungu katika habari hizi? Naam. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mara hii hii, aliwalaumu watu mwaka 1977 kwa kungojea saruji na bati, hali udongo wa matofali na vigae u miguuni pao. Darasa la bati lisilo dari huwa tanuri wakati wa jua, na mvua inyeshapo humeza sauti ya mwalimu. Alipaye gharama ni mtoto.

Wala tusiisifu nyumba ya kale kupita kiasi. Mlango mfupi na kizingiti kirefu humzuia mzee wa mkongojo kama ngazi za ghorofa zimzuiavyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeamuru majengo ya umma yafikike na wote; lakini sheria haijengi mteremko mlangoni, fundi ndiye aujengaye.

Tuzo huyafikia majengo machache. Maswali ya waamuzi wake, lakini, hayana bei. Yafaa kila kamati ya shule ijiulize kabla ya kuchimba msingi: udongo wetu wafaa nini, upepo utapita wapi, na nani atabaki nje?