Lawrence wa Uarabuni na Deni la Ahadi

Katika tendi za vita tulizozoea kuzisoma, shujaa aghalabu hupita mojawapo ya njia mbili. Ama hufa vitani na jina lake likaimbwa, ama hurudi na ushindi akapokewa kwa vigelegele. Ni nadra kumwona shujaa aliyeshinda vita, akarudi kwao mzima, akaitwa na mfalme wake kupewa nishani, naye akazikataa. Kisha akalitupa jina lake mwenyewe na kwenda kuandikishwa askari wa cheo cha chini kabisa kwa jina la uongo. Mtu wa namna hiyo alikuwako. Aliitwa Thomas Edward Lawrence, Mwingereza aliyezaliwa Tremadog katika nchi ya Wales tarehe 16 Agosti 1888, na dunia yamjua zaidi kwa jina la Lawrence wa Uarabuni.

Wengi wamemjua kwa ile filamu ndefu iliyotolewa mwaka 1962, ambayo ndani yake Peter O'Toole, mtu mrefu wa macho ya samawati, amevaa kanzu nyeupe na kupanda ngamia juu ya mchanga usio na mwisho. Lawrence wa kweli alikuwa mfupi, futi tano na inchi tano tu. Walakini filamu ile ilifanya jambo moja la haki: haikumwacha shujaa wake bila doa. Ni habari za doa hilo nitakazo kusimulia, maana vitabu vingi vya sifa hulipita upesi.

Yafaa kwanza tuvijue vita vyenyewe. Mwaka 1914 Dola ya Waturuki iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani. Dola hiyo ilikuwa imewatawala Waarabu wa Shamu, Iraki na Hejaz kwa muda wa karne nne. Waingereza waliokuwa Misri walitaka kuivunja kutoka ndani, wakaandikiana barua na Husein, Sharifu wa Maka, tangu Julai 1915 hata Machi 1916. Kwa maneno yenye tafsiri nyingi (na maneno ya serikali yakiwa na tafsiri nyingi, mara nyingi yameandikwa hivyo kwa makusudi) waliahidi kuutambua uhuru wa Waarabu. Mwezi wa Juni 1916 Sharifu aliinua bendera ya vita. Lakini mwezi wa Mei, wiki chache tu nyuma, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kubaliana kwa siri kugawana nchi zile zile. Mapatano hayo yaliitwa kwa majina ya wajumbe wawili walioyatengeneza, Mark Sykes na François Georges-Picot. Pwani ya Shamu ilikuwa fungu la Wafaransa, Iraki ya kusini fungu la Waingereza, na nchi ya katikati ingepewa Waarabu, chini ya macho ya wakubwa hao wawili.

Katika mambo haya Lawrence aliingia akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Alikuwa amesoma historia Oxford; mwaka 1909 alitembea kwa miguu nchini Shamu akizitazama ngome za Vita vya Msalaba, na kati ya 1911 na 1914 alikuwa mchimbuaji wa magofu huko Carchemish, ambako alijifunza Kiarabu cha watu wa kazi. Oktoba 1916 alipelekwa Hejaz kutoka ofisi ya upelelezi ya Kairo, akakutana na Feisal, mwana wa Sharifu. Tangu siku hizo mtu wa kalamu na ramani akawa mpanda ngamia. Walivunja madaraja na kulipua magari ya moshi katika reli iendayo Dameski hadi Madina, iliyofunguliwa mwaka 1908. Shabaha yao ilikuwa kuijeruhi reli hiyo bila kuiua, ili Waturuki wapoteze askari wengi katika kuilinda. Habari za baruti zimesimuliwa vya kutosha, nami sitaziongeza.

Nitazame badala yake usiku mmoja wa Machi 1917, katika bonde liitwalo Wadi Kitan. Lawrence alikuwa mgonjwa wa homa, na msafara wake ulikuwa na watu wa makabila mbalimbali. Mtu mmoja wa Maghribi, jina lake Hamed, alimwua mwenzake wa kabila la Ageyl katika ugomvi. Ndugu wa marehemu walidai damu. Kama mmoja wao angelipiza kisasi, Wamaghribi nao wangedai damu yao, na jeshi dogo lile lingejimaliza lenyewe kabla ya kumwona Mturuki. Nani basi angeua bila kuzaa kisasi kipya? Yule asiye na ukoo pale. Lawrence mwenyewe amesimulia kwamba alimwongoza Hamed katika korongo jembamba akampiga bastola, na kwamba mkono wake ulitetemeka hata ikambidi kufyatua mara tatu. Asubuhi ilibidi apandishwe juu ya ngamia kwa kuinuliwa na watu.

Miezi miwili baadaye, katika jangwa kali, ilionekana kwamba mtu mmoja aliyeitwa Gasim ameanguka nyuma na ngamia wake yu mtupu. Hakuwa mtu mwema wala mwenye rafiki. Lawrence alirudi peke yake katika jua lile, akampata, akamwokoa. Filamu imeyashona matukio haya mawili kuwa moja: yule aliyeokolewa ndiye yule anayeuawa baadaye. Hadithi yapata utamu kwa mshono huo, kwa kuwa yaonekana kana kwamba kudura inamcheka shujaa. Historia yenyewe ni chungu zaidi. Aliua kwanza, akaokoa baadaye, na wala huyu hakuwa fidia ya yule. Hapakuwa na kudura. Palikuwa na mtu aliyetwaa mamlaka ya hakimu katika nchi isiyo yake, kwa sababu alifaa kwa kazi hiyo kwa ugeni wake.

Tarehe 6 Julai 1917 Waarabu, pamoja na Auda abu Tayi, shekhe wa Howeitat, waliingia bandari ya Akaba kutoka upande wa bara, ambako Waturuki hawakutazamia adui. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini katika safari ile ile, mwezi wa Juni, Lawrence alikuwa ameshikwa na fedheha asiyoweza kuivumilia. Mashekhe walikuwa wamesikia tetesi za ahadi zinazogongana, wakamtaka yeye awathibitishie neno la serikali yake. Akawathibitishia, naye akijua habari za mapatano ya siri. Katika daftari yake alimwandikia mkubwa wake wa Kairo kwamba watu hawa wanaitwa kupigana kwa ajili ya uongo, na kwamba yeye anakwenda kaskazini peke yake akitumaini kuuawa njiani. Hakuuawa. Alirudi, akaendelea kuwaongoza, na kuendelea kunyamaza.

Angefanya nini? Swali hili si jepesi, nami sipendi kulijibu kwa haraka ya mtu aketiye kivulini. Kama angesema kweli, huenda vita vya Waarabu vingevunjika, na Waturuki wangerudi na kamba za kunyongea. Kama angenyamaza, angekuwa dalali wa udanganyifu. Yeye alijitafutia njia ya tatu: kuwasukuma Waarabu mbio hadi Dameski, ili siku ya mgawanyo wawe wameishika nchi kwa mikono yao. Twaweza kuiheshimu njia hiyo. Hata hivyo yeye mwenyewe, alipoandika kitabu chake, hakujitetea kwa hoja hiyo peke yake. Alikiri kwamba alikuwa ameuweka ushindi wa Waingereza mbele ya uaminifu wao. Wanaomsifu hupenda kulisahau ungamo hilo.

Hapa lazima niingize sauti ya upande wa pili. Suleiman Mousa, mwanahistoria wa Yordani, aliandika kitabu katika miaka ya 1960 kuonyesha kwamba vita vile vilikuwa vya Waarabu wenyewe, na kwamba Mwingereza mmoja ametukuzwa kupita kiasi. Ana haki. Sharifu na wanawe hawakuwa watoto. Novemba 1917 Wabolsheviki wa Urusi waliyatangaza mapatano ya siri, na Waturuki hawakuchelewa kuwapelekea Waarabu habari zake. Feisal naye alipelekeana barua na maamiri wa Kituruki, akipima upande gani ungemfaa. Shujaa aliyejiona amebeba siri peke yake hakuwa peke yake. Na pengine kule kujiona peke yake ni sehemu ya kiburi chake.

Na mambo mengi ya siri tunayajua kwa kinywa chake tu, naye alikuwa msimuliaji hodari mno. Katika kitabu chake hicho amemchora pia Richard Meinertzhagen, afisa wa upelelezi aliyetumika Palestina, akiisifu akili yake bila kuuficha ukatili wake. Jina hilo si geni Kenya: ndiye aliyemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, Koitalel alipokuja kuonana naye kwa mazungumzo ya amani. Kumbe majangwa ya Shamu na vilima vya Nandi vilikanyagwa na viatu vile vile.

Septemba 1918 jeshi la Waarabu lilifika kijiji cha Tafas. Waturuki waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wamewachinja wanawake na watoto. Talal, shekhe wa kijiji kile, alipoyaona aliwarukia maadui peke yake na farasi wake, akafa mbele ya risasi zao. Lawrence ameandika kwamba siku ile aliamuru asishikwe mateka hata mmoja. Wako wanaosema kwamba amejitwika amri ambayo watu wenye msiba wasingeihitaji. Iwe hivyo au sivyo, mateka waliuawa, na mtu aliyekuwa ametetemeka kwa kumwua Hamed mmoja hasimulii kutetemeka huko Tafas.

Tarehe 1 Oktoba 1918 Dameski ilishikwa. Siku mbili baadaye Jemadari Allenby alimweleza Feisal, Lawrence akiwa mkalimani, kwamba Shamu itakuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Feisal akakataa, akasema hakuambiwa hivyo. Jemadari akamgeukia Lawrence na kumwuliza kama hakumweleza Feisal jambo hili. Lawrence akajibu kwamba hakuwa na habari. Mbele ya aliyemwamini na mbele ya mkubwa wake, alisema uongo mmoja kuwajibu wote wawili. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda kwao, na kesho yake akaondoka.

Mengine yalikwenda upesi. Katika mkutano wa Paris wa 1919 alivaa kilemba na kumtetea Feisal, bila kufaulu. Julai 1920 Wafaransa walilishinda jeshi la Shamu huko Maysalun na kumfukuza Feisal. Machi 1921, katika mkutano wa Kairo, Lawrence akiwa mshauri wa Churchill, iliamuliwa Feisal apewe kiti cha Iraki, na nduguye Abdallah nchi ya ng'ambo ya Yordani. Lawrence alisema kwamba deni limelipwa. Waarabu wengi, wa Shamu na Palestina hasa, hawakupata kulitia sahihi hati ya malipo hayo.

Agosti 1922 alijiandikisha katika jeshi la anga kwa jina la Ross. Magazeti yalipomfichua aliachishwa, akaingia jeshi la vifaru kwa jina la Shaw, kisha akarudi angani mwaka 1925. Alifagia, alisafisha, alisimama mstari mmoja na vijana wasiojua Akaba iko wapi. Wakubwa walimsihi apokee cheo, akakataa. Aliachana na jeshi mapema mwaka 1935, na mwezi wa Mei pikipiki yake ilipinduka karibu na nyumba yake ndogo huko Dorset, alipojaribu kuwakwepa vijana wawili wenye baiskeli. Alifariki tarehe 19, akiwa na miaka arobaini na sita. Katika kaburi lake huko Moreton wameandika jina la Lawrence, lile alilokuwa amelitupa, na chuo cha Oxford alichokuwa mwanachama wake. Neno la Uarabuni halimo.