Unataka Kuiva Kizungu Ukiwatch Movi? Fuata Hizi Hatua 5

Wasee, tuongee ukweli. Kizungu tumesoma tangu nasari, na kuandika tunaandika fiti. Shida ni kusikia. Mimi niliwahi kuitwa intavyuu ya simu baada ya kuacha chuo. Swali la pili likanipita kama nduthi, nikajibu kitu tofauti kabisa. Kazi ikaenda hivyo. Kitu iliniokoa baadaye ni movi, lakini kuna vile unafaa kuziwatch.

1. Anza na kitu rahisi
Peaky Blinders ngoja kwanza, ile lafudhi ya Birmingham itakutoa jasho. Chukua sitkom kama Friends (1994–2004). Episodi moja ni kama dakika 22, na stori ni za keja, mapenzi na doo, vitu unajua tayari. Na mafans wa DJ Afro, poleni. Akishika maiki mtacheka, lakini kizungu hamtasikia.

2. Rudia mara 3
RM wa BTS alisema 2017 kwa shoo ya Ellen DeGeneres kwamba Friends ndio ilimfunza kizungu. Kwanza aliwatch na sabtaito za Kikorea, halafu za kizungu, mwisho akazitoa kabisa. Wewe anza na za kizungu, uwatch bila, kisha uzirudishe uone ni nini kilikupita.

3. Punguza spidi
Kama unatumia VLC kwa kompyuta, bonyeza [ spidi ishuke, ] ipande, na V ubadilishe sabtaito. Usijichoshe na movi nzima. Sini ya dakika 2 inatosha kwa siku.

4. Sikiza vile maneno yanamezana
Shule ulifunzwa "going to", kwa movi wanasema "gonna". "What are you" inatoka "whatcha". Hapa ndio wengi wetu hupotea, na maneno yenyewe tunayajua. Andika 5 kwa simu kila siku.

5. Ongea pamoja na wao
Actor akisema, sema naye, kisha ujirekodi usikie. Na si lazima uongee kama Mmarekani. Kwa Black Panther (2018), Lupita Nyong'o na wenzake waliongea na lafudhi za Kiafrika, na movi ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1. Bora ueleweke.

Chunga hapa
"Ain't" na matusi ya magenge waachie wenyewe, usipeleke kwa CV. Movi inafunza masikio na mdomo. Kuandika barua ya kazi bado utasoma kivyako.

Siku hizi nikipigiwa simu nashika swali lote, na nisiposhika naomba lirudiwe bila kutetemeka. Leo usiku chagua sini moja tu, ya dakika 2. Simu yako inaweza kulia wiki ijayo, na hautaki swali la pili likupite.